Balozi wa Mahameni

Ukitaka kumkumbuka Balozi, anza na mkono wake wa kulia. Mkono ule haukujua kutulia. Hata nyumbani kwake, akitaka kuongezewa mchuzi, aliuinua kwanza, vidole vimenyooka, kama mtu anayeomba nafasi kikaoni, kisha akangoja. Sisi watoto wa jirani tulimwiga mpaka mama zetu wakatukanya. Tulidhani ni mazoea ya vikao tu, maana alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na kazi yake ilikuwa kuita watu, kuhesabu watu, na kuwaambia watu yaliyoamuliwa mahali ambapo wao hawakuwapo. Nilikuwa nimeshakua kidogo ndipo nikaona kwamba pale nyumbani aliyekuwa anangojwa ni mmoja, mkewe, na kwamba mkewe hakumpa nafasi hata siku moja.

Naandika haya nikiwa Mbwawa, Kibaha, kwa shangazi yangu. Asubuhi nakaanga vitumbua, mchana naota kuwa mtangazaji wa redio. Darasa la saba nimemaliza, sekondari sikuchaguliwa, lakini sauti ninayo. Balozi ndiye mtu wa kwanza kuniambia hivyo. "Mwanaidi," alisema, "wewe ukinong'ona, Kisarawe nzima inaitika." Sikujua kama ananisifu au ananinyamazisha. Nikachagua sifa.

Jina lake lilikuwepo, ila halikutumika. Mbuzi wake walikuwa mbuzi wa Balozi, koti lake zito la kahawia lilikuwa koti la Balozi, na alilivaa hata jua la Januari likipasua mihogo. Semi zake tulizijua kwa moyo. Aliyoipenda kuliko zote ni hii: "Hoja haiuawi, hoja inaahirishwa." Ukienda kumshtaki mwenye kuku walioparua bustani yako, anasikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa uchungu, halafu anaiahirisha. Kuku wanaendelea kuparua.

Na kwenye kuhesabu kura alikuwa mwongo, tena mwongo wa wazi. "Wanaoafiki wanyooshe mikono," anasema, na mikono haijafika mabegani yeye ameshamaliza. "Wote wameafiki. Tuendelee." Siku moja baba yangu alilalamika.

"Balozi, mimi nilikuwa najikuna."

"Umejikuna upande wa kuafiki," Balozi akamjibu.

Mtu huyohuyo, sukari ikija duka la kijiji, mgawo wake alimpelekea mwanamke yeyote aliyejifungua mwezi ule, kisha yeye anakunywa chai huku anatafuna kipande cha muwa. Alikemea imani za mizimu na vibwengo kila mkutano, akasema ni adui wa maendeleo sawa na ujinga na maradhi. Na ni mtu huyohuyo aliyetunga mchezo wa vibwengo ninaotaka kuusimulia. Ndiyo maana nasema, usimtafute Balozi mahali pamoja.

Mkewe aliitwa Bi Pili. Zamani sisi sote tulikaa mbali na barabara, huko ndani kabisa ya Marui, kila mtu na nyumba yake pale babu yake alipopenda. Likaja agizo tuhamie kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zipangwe kwa mistari. Balozi ndiye aliyepita mlango kwa mlango kutuambia. Mimi nilikuwa mdogo wa kubebwa, kwa hiyo haya ya lori ninayo kwa mdomo wa mama.

Mama anasema vyombo vilishapakiwa na dereva anapiga honi. Bi Pili amekaa kwenye kizingiti. Yeye na Balozi walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, Mwajuma, akafa kwa surua kabla hajajua kutembea, wakamzika nyuma ya nyumba. Bi Pili akauliza mbele ya watu wote, "Na Mwajuma?"

Balozi alikuwa na watu wa kuwapandisha, na wakubwa wanamtazama. Akasema, "Wafu hawahami."

Bi Pili akasimama, akapanda lori mwenyewe bila kushikwa mkono. Toka siku hiyo hakusema na mumewe hata neno moja.

Hakuwa bubu, nisieleweke vibaya. Kwetu alikuja kuomba moto, akitwanga aliimba, na kucheka alicheka sana. Ila kwa mumewe alipitisha maneno kwa mtu mwingine, hata mumewe akiwa amekaa hapo hapo.

"Mwanaidi, mwambie Balozi uji umeiva."

"Nimesikia," anasema Balozi.

"Mwanaidi, mwambie kama amesikia, basi aje."

Mwaka wa kwanza alitaka kwenda kulifagia kaburi. Balozi akakataa, akampa mama yangu ujumbe ampelekee: "Mke wa balozi akirudi kule, nani atakayebaki hapa?" Baadaye mambo yalipolegea, watu wakawa wanakwenda mahameni, ndivyo tulivyokuita kule tulikohama, kuokota korosho zao. Hapo Balozi akachukua panga, akamwomba baba yangu amsindikize, wakaenda kulitafuta kaburi wao. Walikuwa wamechelewa. Kaburi lenyewe lilikuwa la mawe mawili tu, moja kichwani, moja miguuni, na mvua na vichaka vilishakula kila kitu, hata ilipokuwa nyumba hawakuwa na hakika. Baba anasema aligeuka akamkuta Balozi amesimama katikati ya miiba, mkono wa kulia uko juu. Wakarudi.

Ndipo Balozi akatoa mlango. Katika kuhama alikuwa amebeba mlango wa nyumba yao ya zamani, akauweka juu ya magogo ukawa meza. Sasa akachukua mkaa, akaanza kuchora juu yake ramani ya mahameni, ili aliotee kaburi. Akawaita wazee wa nyumba kumi wamsaidie. Nakwambia, ulikuwa ugomvi wa wiki nzima. Huyu anasema kisima kilikuwa mashariki mwa njia, yule anasema mashariki kulikuwa na choo cha marehemu baba yake na hawezi kukubali kisima kiwekwe hapo. Bi Pili aliwatazama mpaka wakanyamaza. Akaja na kijiwe cheupe, akakiweka pale alipokumbuka kaburi, akarudi jikoni.

Balozi alikwenda tena na ramani ile kichwani. Hakuliona. Mlango ukabaki meza, na kijiwe juu yake, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Mchezo ulianza Ijumaa moja mchana, watu wametoka msikitini. Nilikuwa nimeinamia ramani. Mama Neema, mhudumu wa zahanati aliyetoka Iringa na hakuwahi kuyaona mahame yetu, alikuwa anachambua mchele. Nikauliza, "Sasa huku anakaa nani?"

"Vibwengo," akasema Mama Neema bila kuinua macho. "Watu wakihama, vibwengo ndio wanabaki na funguo."

Kisha tukasikia sauti nyembamba, ya puani, sauti ya kitu kidogo kilichojificha ndani ya chungu.

"Mmoja ana ufagio."

Ilikuwa ya Bi Pili. Balozi akaweka kikombe chini. Akainua mkono, akangoja, asipewe nafasi, akaongea hivyo hivyo, naye kwa sauti ya puani. "Kibwengo mwenye ufagio, unafagia wapi?"

"Hapa," akasema Bi Pili, akagusa kijiwe.

Nilimwona Balozi anavyopumua. Miaka mingapi hajajibiwa? Akainuka upesi, akatafuta kifuu, akakivunja vipande vinne, akatafuta kunde. Akaanza kutunga sheria pale pale, kama mtu aliyeona ndege ametua ndani na sasa anataka kufunga dirisha taratibu asimshtue.

Sheria zenyewe zilikuwa nyepesi. Kila mchezaji ni kibwengo aliyeachwa mahameni. Unasema kibwengo wako anataka kufanya nini, unarusha vipande vinne vya kifuu. Vitatu vikianguka tumbo juu, mgongo chini, umefaulu. Vikipungua, umeogopa, unatoa kunde moja kati ya tatu ulizopewa. Kunde zikiisha hufi, maana Balozi alisema kibwengo hafi, anasahau. Unataja kitu kimoja cha watu ambacho kibwengo wako anakisahau, unapewa kunde nyingine tatu, na kitu hicho hukitaji tena, si mezani, si kwenu. Mimi nilisahau chumvi. Mama akiniuliza nyumbani mboga imepungukiwa nini, nasema, "Imepungukiwa kile cheupe cha dukani," mpaka akataka kwenda kumshtaki Balozi kwa Balozi.

Kibwengo wangu aliitwa Redio, alirudia kila alichosikia. Wa Mama Neema aliitwa Mgeni, alitetemeka kwa baridi hata mchana. Wa Bi Pili aliitwa Ufagio. Wa Balozi aliitwa Mjumbe, na alama yake juu ya ramani ilikuwa kifungo alichokikata kwenye koti lake, koti likabaki linafungwa kwa pini.

Sheria mpya ilipigiwa kura. Na hapa nikamwona Balozi nisiyemjua. Mtu aliyehesabu mikono ya kijiji kizima kabla haijainuka, pale kwenye meza ya mlango aligusa kila mkono kwa kidole. Nikiuinua wangu nusu, anauliza, "Mwanaidi, mkono huo uko kikaoni au uko safarini?" Mama Neema alitoa hoja vibwengo waruke. Ikaanguka. "Kibwengo anayeruka ni kunguru," akasema Ufagio. Kifuu kikimwendea Balozi vibaya hakurusha mara ya pili, hakupuliza, hakugonga meza. Alitoa kunde yake.

Vibwengo wetu walikuwa wapumbavu wa kupendeza. Waliokota sufuria lililoachwa na watu, wakajadili ni mnyama gani, mwisho wakalichagua kuwa balozi wao, kwa sababu lina mdomo mkubwa na halili mali ya mtu. Balozi mwenyewe alicheka mpaka machozi. Bi Pili akakigeukia kifungo cha koti, akasema puani, "Mjumbe, funga mdomo, nzi." Tusi hilo Balozi alitembea nalo wiki nzima. Nilimsikia akijirudia peke yake zizini, "Funga mdomo, nzi," anatabasamu.

Siku moja Katibu wa kata alituingilia ghafla. Sisi tumezunguka mlango, tunaongea puani. Balozi akasimama.

"Mnafanya nini, ndugu Balozi?"

"Tunapanga kijiji, ndugu Katibu."

Katibu akainama juu ya ramani, akaiangalia kwa makini, mikono nyuma. "Vizuri sana," akasema. "Lakini nyumba hazijanyooka."

"Tutazinyoosha," akasema Balozi.

Alipoondoka tulicheka mpaka Mama Neema akaomba maji. Bi Pili hakucheka. Aliiangalia ile ramani, nyumba zimetawanyika kama punje zilizomwagika, kisha akamwangalia mumewe. Nadhani aliogopa angezinyoosha kweli.

Na kwa namna fulani alizinyoosha. Ilikuwa sikukuu ya Idi, tumeshiba pilau. Balozi alikuja na chaki ya fundi cherehani, uso unang'aa, akachora pembeni mwa mlango, mahali palipokuwa patupu, kijiji chetu kipya: barabara, mistari, nyumba yake. Kati ya mahame na kijiji akachora njia yenye vituo.

"Leo vibwengo wanahama," akasema. "Wanakuja kwetu."

Nilimwelewa. Najua alichokuwa anakitaka. Ufagio akiishi huku, katika nyumba hii, labda Bi Pili naye angesema na mumewe huku, kwa sauti yake mwenyewe, bila kupitia puani. Alikuwa na haraka ya furaha. Akakichukua kifungo chake, akachukua Redio wangu na Mgeni, akatusogeza wote hadi kwenye mistari ya chaki.

"Kura imepigwa lini?" akauliza Mama Neema.

"Hii imetoka juu," akasema Balozi.

Naapa hakufikiri. Ni neno lililomtoka kama kikohozi, alilisema maisha yake yote. Mama Neema akamwambia polepole, "Balozi, juu wapi? Juu ya mlango huu tuko sisi tu."

Bi Pili akauliza, puani, "Na Mwajuma?"

Balozi akafungua kinywa. Akakifunga. Tulikaa pale tunalisikia neno lile la siku ya lori jinsi lisivyosemwa.

"Mimi sihami," akasema Ufagio. Bi Pili akaondoka mezani.

Toka hapo hata ile sauti ndogo ikakatika. Mama Neema alishauri tufute chaki, tujifanye siku ile haikuwepo. Balozi akakataa. "Kule kikaoni nimedanganya sana," alisema. "Hapa sijawahi." Akaamua Mjumbe atarudi mahameni kwa miguu, kituo kwa kituo, kwa kifuu, kama sheria inavyotaka. Na kifuu kikamgeuka. Sijawahi kuona mtu anaangukiwa na migongo namna ile. Ijumaa hii anasogea kituo kimoja, Ijumaa tatu zinazofuata anatoa kunde. Bi Pili alirudi kukaa mezani, upande wa kijiwe, anatazama kila mtupo.

Nilijaribu. Nilimfuata kisimani nikamwambia, "Mama, mwonee huruma."

"Ninamwonea, mwanangu," akasema. "Unadhani huruma ni maneno?"

Nikamwendea na Balozi. Nikamwambia, "Rusha tena, mimi nitatazama pembeni." Akaniambia nimheshimu. Sasa ungefanya nini? Mama Neema alihamishiwa zahanati nyingine, mimi nikaja huku kwa shangazi, tukawaacha wawili na mlango wao.

Mwaka jana nilikwenda Marui kumwona mama, mfukoni nina kipande cha sabuni nilichokipata kwa shida, nikampelekea Bi Pili. Ubalozi ulishakwenda kwa kijana mwingine, lakini watu bado wanamwita yeye Balozi, na yule kijana wanamwita "huyu".

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya Redio."

Amekonda, koti limemzidi, pini ni ileile. Tulipoanza kuongea nikaona ana njia ya ajabu ya kuzunguka maneno. Lori aliliita kile kilichotubeba. Korosho, zile za msimu. Ngoma, kisima, moshi, alivikwepa vyote. Alikuwa amevitoa kimoja kimoja apate kunde, na sheria ni sheria. Bi Pili akaniambia jikoni, "Siku hizi nikitaka kujua anataka kula nini, nabahatisha. Nusu ya vyakula ameshavisahau." Hakuwa anacheka, wala hakuwa analia.

Tukakaa mlangoni. Jua la alasiri limeingia hadi kwenye ramani, kuku wanapita chini ya meza. Kifungo cha koti kilibakiza kituo kimoja. Balozi akarusha. Migongo mitatu juu. Akatoa kunde, na ilikuwa ya mwisho.

Sheria ilimtaka asahau kitu. Alifikiri muda mrefu, kidole kinapapasa pini ya koti.

"Mjumbe anasahau lile neno," akasema. "Nililolisema siku ya kuhama."

Bi Pili hakutikisika. Nikamhesabia Balozi kunde tatu. Akarusha, akaogopa, akatoa moja. Akarusha tena. Matumbo matatu juu. Mimi nilitaka kupiga makofi, mikono ikakataa. Akakisukuma kifungo taratibu mpaka kikagusana na kijiwe cheupe, akaondoa mkono wake, akaukunja mapajani.

Tulingoja. Kuku mmoja alitoka, akarudi.

"Nani?" ikasema ile sauti nyembamba.

"Mjumbe," akasema Balozi, puani.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Umefuata nini?"

"Kuomba radhi. Kwa neno."

"Neno lipi?"

Balozi akafungua kinywa. Alilijua, bila shaka alilijua, nililiona liko pale kwenye meno yake. Lakini alikuwa amelitoa kwa kunde, na kwenye mlango ule hakuwahi kudanganya.

"Sijui tena," akasema. "Nimelisahau."

"Mimi sijalisahau," akasema Ufagio.

Kisha Bi Pili akanyoosha kidole, akakisogeza kifungo kidogo, kikazunguka kijiwe, kikakaa upande wa pili.

"Fagia upande huo. Huu ni wangu."

Balozi akainua mkono wa kulia, vidole vimenyooka. Bi Pili aliuangalia. Aliuangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiuangalia, mpaka mkono ukaanza kuchoka. Hakumpa nafasi. Balozi akaushusha, akaweka kidole kwenye mlango, akaanza kufagia.